Siku Moja Gazi, Pamoja na Mavyaa

Ukitoka Ukunda ukaifuata barabara ya Lunga Lunga, Gazi hukulaki kabla hujafika Msambweni, upande wa bahari. Ndiko nilikompeleka mavyaa yangu Jumamosi moja apunge upepo. Yeye hukaa Msambweni, na tangu kufiwa amekuwa mtu wa maneno machache. Nasi tulikwisha kukubaliana, kwa nia njema, kwamba nyumba yake iuzwe ahamie kwetu Mombasa.

Pale Gazi pana njia ya mbao ipitayo juu ya tope katikati ya mikoko. Wanawake wa kijiji ndio waiendeshao na kuwatembeza wageni. Mwenyeji wetu alieleza jinsi msitu ule ulivyokatwa mno miaka ya 1970 kuwa kuni za viwanda, na jinsi ulivyopandwa upya miaka ya 1990. Tangu 2013, kwa mradi wa Mikoko Pamoja, huuzwa haki ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo, na wanakijiji wa Gazi na Makongeni hukaa barazani kusema fedha zitumikeje. Maji ya bomba yalikuwa miongoni mwa waliyoyataka. Nani ajuaye uzito wa ndoo kumshinda aibebaye?

Penye mkoko mmoja mkubwa alimgeukia mavyaa. "Mama, kwenu mliutumia kwa nini mti huu?" Kisha akanyamaza. Kimya kile kilinikera, nikataka kumjibia, kama ilivyo desturi yangu. Maji yalikuwa yakijaa, kaa wakikimbilia mashimoni.

Ndipo mavyaa alipoanza. Alisimulia boriti alizokata marehemu, akazibeba yeye kichwani, hata nyumba ikasimama chumba baada ya chumba. Mwisho akasema taratibu: "Nyumba ile sitaki iuzwe. Nimesema mara tatu. Kila nikianza, mnanipa pole."

Nilikumbuka Suratul Mujadila, niisomayo tangu chuoni, ifungukayo kwa Mwenyezi Mungu kuyasikia maneno ya mwanamke aliyemshitaki mumewe. Bibi Aisha, aliyekuwa pembeni mwa nyumba ile ile, alisema mengine hakuyasikia.

Usiku ule mume wangu alikuja Msambweni, akaketi na mama yake baada ya Isha. Mara mbili nilimwona akifungua kinywa, na mara mbili akakifumba.