Kiwanja Kisichokuwapo

Wahenga walisema: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini wapenzi wa besiboli wa Brooklyn, katika mji wa New York, hawakuikubali methali hii, nami nadhani wana haki.

Kiwanja chao, Ebbets Field, kilifunguliwa mwaka 1913. Kilikuwa kidogo, na watazamaji walikaa karibu sana na wachezaji. Hapo ndipo tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson alipoichezea timu ya Dodgers, akauvunja mwiko uliowazuia watu weusi kuingia katika ligi kuu tangu karne ya 19. Dodgers walikuwa wameshindwa na Yankees katika fainali mara tano. Mwaka 1955 wakawashinda, wakatwaa ubingwa wao wa kwanza wa World Series.

Furaha ile haikudumu. Baada ya msimu wa 1957, mwenye timu, Walter O'Malley, aliihamishia Los Angeles. Mwaka 1960 kiwanja kikabomolewa, pakajengwa nyumba za kupanga.

Je, timu ilikuwa ya nani? Kwa hati, ilikuwa ya O'Malley. Walioishangilia miaka yote hawakuwa na hati. Walikuwa na masimulizi tu. Nayo hayakuhamishwa wala kubomolewa: wazee waliwarithisha wajukuu wasiopata kukiona kiwanja kile.

Basi, ndugu msomaji, tusiwacheke wazee warudiao habari moja kila jioni. Wanalinda mali ambayo hakuna mwingine wa kuilinda.