Pwani ya Wadigo Wakati wa Mvua ya Mwaka

Watu wengi wa bara wanaotaka kuiona bahari hungoja mwezi wa Desemba, wakati upepo wa kaskazi unapovuma na maji yakiwa safi hata mtu huona miguu yake mwenyewe chini. Mwezi huo huo nauli hupanda, vyumba hujaa, na mgeni hulala mahali asipopapenda kwa bei asiyoiweza. Mimi ni karani wa Serikali, na karani hachagui sana mwezi wa likizo yake. Jina lake huandikwa katika orodha, naye huenda siku iliyoandikwa. Mwaka huu likizo yangu iliangukia mwezi wa Mei, ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi kuliko miezi yote ya Mombasa. Wenzangu ofisini walinihurumia. Lakini nimerudi nikiwa na mambo ya kuwaeleza wasomaji, hasa wakulima, maana nadhani mkulima ataona mengi zaidi huko wakati wa mvua kuliko wakati wa jua.

Safari yenyewe haina taabu. Reli mpya ya Nairobi na Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, humfikisha mtu pwani kwa saa chache za mchana. Kutoka mjini nalivuka kwa feri ya Likoni, kisha nikapanda matatu ya Ukunda, mwendo usiozidi kilomita 30. Mwenye gari lake siku hizi aweza kupita barabara ya Dongo Kundu asivuke feri kabisa. Mimi sikujuta kuvuka, kwa kuwa pale ndipo nilipoanza kujifunza habari za mvua. Wingu lilitoka baharini likiwa jeusi, likatumwagia maji kwa muda wa kama dakika kumi, likaenda zake. Na jua likatoka kana kwamba halikuwa na habari ya yaliyopita.

Sisi wa bara husema masika. Wazee wa Mombasa husema mvua ya mwaka, na jina hilo lina maana kubwa, kwa kuwa chakula cha mwaka mzima hutegemea mvua hiyo. Huja pamoja na upepo wa kusi, ambao huanza kugeuka mwezi wa Aprili baada ya kaskazi kwisha. Mara nyingi mvua hunyesha usiku na alfajiri, na mchana hubaki saa nyingi za kutembea. Asiyejua hilo hudhani atafungiwa chumbani siku saba.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba pwani ya Diani huwa nzuri mwezi wa Mei kama inavyoonyeshwa katika picha. Kusi huleta mwani mwingi, ukalala ufukoni kwa marundo marefu, nao ukioza hunuka. Mawimbi hupiga kwa nguvu kwenye mwamba wa nje, na wavuvi hubaki ndani ya mwamba huo na mitumbwi yao na madema, wakipata samaki kidogo. Hoteli nyingi hupunguza kazi, na nyingine hufunga milango kabisa ili kupaka rangi na kutengeneza mapaa. Nilitembea nusu saa nzima ufukoni nisikutane na mtu ila watoto wawili waliokuwa wakitafuta kaa.

Hapo ndipo nilipozungumza na mpishi mmoja wa hoteli, mtu wa makamo, ambaye alikuwa ameambiwa akae nyumbani mpaka Julai. Nalimwuliza, “Ndugu, na mshahara?” Akacheka. “Mshahara nao uko nyumbani,” akasema. Yafaa wasomaji walielewe jambo hili vizuri. Mwezi wa Mei mahindi ya zamani yamekwisha ghalani na mapya hayajakomaa; samaki ni wachache na bei yake imepanda; na wakati huo huo mamia ya wapishi, watunza bustani na wafagizi hukosa kazi. Sisi tulio na mshahara wa kila mwezi hatujui taabu ya mtu ambaye kila mwaka mfuko wake hukauka mwezi ule ule ambao mbingu zinafunguka. Mgeni mmoja anayelala Diani wakati wa mvua, akanunua samaki wake kwa mvuvi na mihogo yake kwa mama wa kando ya njia, hufanya kazi kubwa kuliko wageni kumi wa Desemba. Naye hulipa kidogo, kwa kuwa bei za vyumba hushuka.

Lakini yule mpishi hakukaa bure. Alikuwa na shamba dogo la mpunga bondeni na mahindi mlimani, naye aliniambia nikitaka kuielewa pwani nisianze na bahari. Nipande kwanza vilima vya Shimba. Nalifuata shauri lake.

Vilima hivyo vimesimama nyuma ya pwani, zaidi ya mita 400 juu ya bahari, na mawingu yatokayo baharini hugonga pale kabla ya kwenda mahali pengine. Ndiyo sababu juu yake uko msitu wa mvua wa kweli, wenye mivule mirefu, na kando yake majani mapana ambapo palahala hulisha. Hifadhi ya taifa ilitangazwa huko mwaka 1968, na mahali pengine popote Kenya mtu hampati palahala porini. Asubuhi ya mvua ukungu hushuka hata mti ulio hatua thelathini mbele hauonekani. Ndovu tulisikia tu jinsi walivyokuwa wakivunja matawi.

Kilichonishangaza zaidi ni maji. Mvua iliyonyesha usiku ule ilikuwa nzito, nami nilitazamia matope. Chini ya miti niliona majani makavu juu ya majani yaliyooza, na mguu ulizama kama juu ya godoro, wala maji hayakutiririka mahali popote. Matone yaliendelea kudondoka kutoka juu muda mrefu baada ya mvua kukoma. Maji yale huingia ardhini polepole na kutoka tena katika chemchemi; chemchemi ya Marere, iliyo katika vilima hivyo, hupeleka maji yake kwa mabomba mpaka Mombasa. Chini zaidi, visima virefu vya Tiwi huwanywesha watu wa Likoni, Ukunda na Diani kwa mvua hiyo hiyo iliyoingia ardhini. Mtu anayefungua bomba lake Likoni mwezi wa Februari hunywa Mei iliyopita.

Tuliposhuka kwenye mashamba mambo yakawa mengine. Katika miteremko iliyolimwa bila matuta wala mistari ya majani, mvua ile ile ilikuwa imechimba mifereji, na kila mfereji ulibeba udongo mwekundu kwenda mtoni. Msomaji aliyekata matuta katika shamba lake bara hahitaji kuelezwa zaidi.

Udongo huo huenda wapi? Nendeni mkauone kwenye mlango wa Mto Mwachema, mpakani mwa Tiwi na Diani. Pale pana msikiti wa kale wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi zilizopita, na hata leo watu husali ndani yake. Mibuyu mikubwa imeuzunguka. Nalisimama chini ya mbuyu mmoja nikaitazama rangi ya mto. Ulikuwa kama chai ya maziwa, nao uliingia baharini ukiwa ulimi mrefu usiotaka kuchanganyika na maji ya chumvi.

Sasa matumbawe, ambayo wengi hudhani ni mawe, ni viumbe hai wadogo sana wanaojijengea nyumba za chokaa. Wahitaji mwanga wa jua na maji safi, na tope likiwafunika hufa. Mahali mito mikubwa inapotoka mwamba haumei, na ndiyo sababu mabaharia wa zamani walipata milango ya kuingizia majahazi. Mlango ni jambo jema, lakini mwamba ukifa kwa urefu wote wa pwani ni hasara, kwa kuwa ndio unaozuia mawimbi makubwa ya kusi yasile ufuko. Tena mchanga mweupe ambao wageni huja kuulalia sehemu yake kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Samaki aitwaye pono hutafuna mwamba kwa meno yake na kutoa mchanga. (Mpishi alicheka sana niliposhangaa, kwao hata mtoto ajua.) Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi na sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ikafa, yaliyobaki na yaliyomea tena hayahitaji kuongezewa mzigo wa matope.

Siku ya nne nalikwenda Kaya Kinondo, kusini ya Diani. Kaya ni misitu ambamo Wamijikenda walikuwa na maboma yao ya zamani, na ambamo wazee hata sasa huenda kuomba, pamoja na kuomba mvua. Kinondo ni msitu mdogo, kama hekta 30, juu ya mwamba wa matumbawe karibu kabisa na maji. Mgeni huruhusiwa kuingia na kiongozi, akiwa amejifunga kaniki kiunoni, na kwa adabu. Mzee aliyekaa langoni alipokea shikamoo yangu, akaniambia, “Marahaba, mwanangu. Humu hata ukuni ulioanguka hauchukuliwi. Ulichokikuta, kiache.” Nalimwuliza ni sheria ya Serikali au ya wazee. Akajibu kwamba ya wazee ilitangulia, na Serikali ilikuja kuisaidia.

Maneno yake ni kweli. Mwaka 1992 kaya kadhaa zilitangazwa kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwa mojawapo, ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini nje ya ua wa kaya msitu wa pwani umekatwa vipande kwa ajili ya hoteli na majumba, na kila kiwanja kinachouzwa hupunguza miti michache tena. Mbega, wale wenye manyoya meusi na meupe, hulazimika kuvuka barabara kutoka kipande hiki hadi kingine. Watu wema wamewafungia ngazi za kamba juu ya barabara ili wasigongwe na magari, nao wamejifunza kuzitumia. Wakati wa mvua majani ni machanga na mbega huonekana wakila kwa raha. Miezi hii hii kasa hupanda ufukoni usiku kutaga mayai, na kiza cha hoteli zilizofungwa huwafaa, kwa kuwa taa huwapoteza watoto wao njia ya baharini.

Atakayekwenda achukue chandarua, kwa kuwa mbu huzidi baada ya mvua, na viatu visivyoteleza. Asiogelee karibu na mlango wa mto. Asilipe mapema mashua ya kwenda Wasini kutoka Shimoni, maana bahari ikichafuka nahodha mwenye akili hataondoka. Njia ndogo za mashambani hazifai gari dogo. Boda boda hupita, ingawa nguo zitachafuka.

Siku ya kuondoka nalipita kwa yule mpishi kumuaga. Nilimkuta bondeni, maji yakimfika magotini, akipandikiza mpunga pamoja na mkewe na binti zake wawili. Hakuweza kunipa mkono kwa ajili ya matope. Akasema mvua ikiendelea hivi mpaka katikati ya Juni watapata mchele wa kula na magunia mawili au matatu ya kuuza, nazo karo za muhula wa tatu zitalipika hata hoteli ikichelewa kufungua.