Likizo Katika Ziwa Chala

Msafiri atokaye Taveta kwa njia iendayo Oloitokitok huona nyasi, vichaka na vilima upande wake wa kushoto, wala hapana dalili yo yote ya maji. Lakini akipanda kilima kimoja kinachofanana na vingine, mara huona chini yake ziwa lililozungukwa na magenge pande zote. Hilo ndilo Ziwa Chala, lililomo katika shimo la mlima wa moto wa kale, mashariki ya Kilimanjaro. Mpaka wa Kenya na Tanzania hupita katikati yake.

Ziwa hili si kubwa, maana eneo lake ni kama kilometa 4 za mraba tu, lakini kina chake chapita meta 90. Hakuna mto uingiao wala utokao. Mvua inyeshayo juu ya misitu ya Kilimanjaro huzama ardhini, nayo hupita chini kwa chini hata ikafika ziwani, kisha maji huondoka kwa njia hiyo hiyo ya siri. Rangi yake hubadilika kwa majira: pengine ni buluu iliyokolea, pengine ni kijani.

Apendaye kupumzika huko na aamke mapema. Asubuhi, kabla mawingu hayajatanda, kilele cha Kilimanjaro huonekana wazi kutoka ukingoni. Baadaye yafaa kutembea juu ya ukingo polepole, kutazama ndege na nyani, kisha kushuka majini pamoja na mwenyeji aijuaye njia, kwa kuwa mteremko ni mkali na mawe huteleza. Viatu imara, maji ya kunywa na chakula havina budi kuchukuliwa. Wavuvi wa huko huvua perege, na mna aina moja ya perege ambayo asili yake ni ziwa hili peke yake. Mtu akiinunua kwa mvuvi na kuichoma jioni, atakuwa amekula samaki mwenye nasaba ya pekee.

Jambo moja halina mzaha. Maji yale ni matulivu na safi, nayo humvutia mtu aliyechoka kwa jua. Lakini ziwani mna mamba. Mwaka 2002 msichana mmoja mgeni kutoka Uingereza aliingia kuogelea akauawa na mamba. Basi wazazi wasiwaache watoto wacheze ufukweni peke yao, na vijana wasishindane kwa ushujaa usio na faida. Utulivu wa maji si ushahidi wa usalama.

Mwenye siku zaidi aweza kuzuru mahali palipopiganiwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani waliitwaa Taveta mwaka 1914. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Waingereza yaliushambulia mlima wa Salaita, yakarudishwa nyuma. Mwezi wa Machi askari wapanda farasi walizunguka kwa upande wa Chala, ndipo Wajerumani wakauacha Salaita, na vita vikahamia vilima vya Latema na Reata. Mjini Taveta mna makaburi ya vita. Atembeaye humo na akumbuke pia askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika vita vile, ambao wengi wao hawana kaburi lijulikanalo.

Kabla ya kurudi nyumbani, mgeni na apite soko la Taveta kununua ndizi, na akiweza afike Ziwa Jipe, ambako viboko hukaa na milima ya Upare huonekana ng'ambo. Takataka zake asiziache Chala. Ziwa lisilo na mto wa kuliosha hukaa na kila kitupwacho ndani yake, na wenyeji ndio watakaobaki nalo mgeni akiisha kwenda zake.