Kiyoyozi cha ndege ya binamu

Najua nimepotea siku nyingi. Safari hii si uvivu, ni ndege.

Binamu yangu anaunda ndege ya watu wawili nyumbani kwao Kitui. Si Mkenya wa kwanza kujaribu: Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtu wa kompyuta kama mimi, aliwahi kuunda yake akatumia injini ya Toyota. Ya binamu ina Rotax 912 yenye nguvu za farasi 80. Safari za majaribio zikiisha salama, abiria wa kwanza atakuwa mamake, yaani shangazi yangu. Anataka kupelekwa Makindu kwa kifungua mimba wake, kilomita 100 hivi. Shida ni kwamba ana presha, na joto humlemea.

Kwa hiyo tukaanza kutafuta kiyoyozi.

Wazo la kwanza: tung'oe AC ya Probox iliyogongwa. Tukaiweka yote kwenye mizani ya maembe: kilo 19. Tena kompresa huendeshwa na injini, nayo hapa Kitui, mita 1,100 hivi juu ya bahari na jua kali, tayari imepungukiwa nguvu wakati wa kupaa. Hapana.

La pili: maji yanayokauka, kama kile kibanda cha makaa cha kuhifadhia mboga. Ni rahisi, na Septemba kukiwa kukavu kingefaa. Lakini mvua za Novemba zikija hewa inakuwa na unyevu, na maji hayakauki upesi.

Hapo nikakumbuka kanuni ya kazi yangu: programu ikiwa nzito, pima kwanza ujue uzito uko wapi. Nikafunga sensa ndani ya ndege, uani, saa saba mchana. Nje nyuzi 33, ndani chini ya kile kioo cha plastiki 51! Tukafunika kwa shuka jeupe, ikashuka hadi 38. Na angani je? Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi 6 au 7. Kumbe adui yuko chini, dakika 20 za kwanza tu.

Basi tumechagua sanduku la barafu, lile la soda za harusini, pamoja na feni na pampu ndogo. Kilo 5 za barafu zikiyeyuka hunyonya joto la karibu nusu yuniti ya stima. Jumla kilo 9. Kilo 10 tulizookoa ni lita 14 za petroli, karibu saa nzima angani. Nikichagua kati ya ubaridi na petroli ya kumrudisha shangazi nyumbani, sihitaji kikokotoo.

Na wataondoka saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ni bure.

Shangazi alipoliona sanduku aliuliza soda ziko wapi.

Haya, nitawajulisha ikiruka. Mwenye wazo bora, karibu.