Sehemu ya 7: Maziwa ya siku 28

Nimechelewa, zamu ya mchana imeunganika na ya jioni, ndiyo kwanza navua viatu. Niliwaahidi leo tuongelee kurudi kazini wakati mtoto bado ananyonya. Nitafika huko. Ila kabla ya mambo ya vikombe na friji nataka nikusimulie habari ya mcheza kikapu mmoja wa Kanada. Najua utasema nesi leo kahamia kwenye michezo. Nivumilie.

Anaitwa Kim Gaucher. Ni mtu wa Mission, mji wa British Columbia, akasoma na kucheza Chuo Kikuu cha Utah kule Marekani, na mwaka 2006 akachaguliwa na Sacramento Monarchs ya ligi kubwa ya wanawake, WNBA. Akacheza Ulaya pia, Ufaransa ikiwemo. Lakini jezi aliyoivaa miaka mingi ni ya timu ya taifa. Alikuwepo London 2012, Kanada ikafika robo fainali na kutolewa na Marekani. Mwaka 2015 kwenye Michezo ya Mataifa ya Amerika, iliyofanyika nyumbani kwao Toronto, waliifunga Marekani hiyo hiyo 81 kwa 73 wakachukua dhahabu. Rio 2016 tena robo fainali, wakatolewa na Ufaransa. Olimpiki mbili, medali hakuna. Ilibaki Tokyo.

Tokyo ilikuwa ifanyike 2020. Korona ikaisogeza mbele mwaka mzima, na mtoto wake wa kike akazaliwa Machi 2021. Hesabu miezi mwenyewe: michezo ingefanyika kwa tarehe yake ya kwanza, leo nisingekuwa na stori. Sasa michezo inafunguliwa Julai 2021, yeye ana miaka 37, mtoto ana miezi minne na ananyonya.

(Kidogo hapo. Miezi minne baada ya kujifungua, misuli ya chini ya nyonga bado inajijenga. Wengine hata kupiga chafya ni shida, na tunaona aibu kusema. Huyu anatakiwa aruke na kugongana na wanawake wenye futi sita na kitu. Usijilinganishe naye, ana makocha na wataalamu wa viungo wa kumwangalia kila siku. Hilo tutalipatia sehemu yake.)

Waandaaji wakatoa sheria kwa ajili ya korona: hakuna kuja na familia. Mtoto anayenyonya akahesabiwa familia, sawa na shangazi anayekuja kushangilia. Na timu ingekuwa safarini siku 28.

Sasa twende pamoja kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wasionyonyesha hawaelewi. Mtoto wa umri ule anakunywa kama mililita 750 kwa siku, wengine zaidi. Zidisha mara 28. Ni lita 21. Chukua ndoo yako ya maji ya lita ishirini, ijaze mpaka imwagike: hayo ndiyo maziwa anayotakiwa kuyakamua ayaache nyumbani, huku anaendelea kumnyonyesha huyo huyo mtoto, huku anafanya mazoezi. Alijaribu kukamua na kuweka akiba. Wakafikiria pia kuyasafirisha maziwa kutoka Japani, ikawa vikwazo juu ya vikwazo.

Na maziwa yenyewe hayakai kukungoja. Titi linatengeneza kulingana na linavyotolewa. Likikaa limejaa, mwili unapokea taarifa kwamba hayahitajiki, unapunguza. Ukienda siku 28 bila kunyonyesha wala kukamua, ukirudi usitegemee kukuta ulichokiacha.

Juni hiyo Kim akajirekodi video akaiweka Instagram. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba analazimishwa achague, awe mama anayenyonyesha au mwanamichezo wa Olimpiki, vyote viwili haviwezekani. Ikasambaa dunia nzima. Na hakuwa peke yake. Aliphine Tuliamuk, mkimbiaji wa marathoni mzaliwa wa Kenya anayeiwakilisha Marekani, alikuwa amejifungua Januari mwaka huo, naye aliomba ruhusa hiyo hiyo. Tarehe 30 Juni waandaaji wakalegeza: watoto wanaonyonya waje, pale inapolazimu.

Usidhani walitandikiwa zulia. Mtoto hakuruhusiwa kulala kijiji cha wanamichezo, ilikuwa akae hotelini nje, na mama ndiye atoke amfuate. Ona Carbonell wa Hispania, yule wa kuogelea kisanii, alipoyasoma masharti alimwacha mwanawe nyumbani. Simlaumu hata kidogo. Kim alikwenda na mtoto wake.

Unataka kujua kama walishinda. Walifungwa na Serbia 72 kwa 68, wakaifunga Korea Kusini, wakafungwa na Hispania, wakatolewa kwenye makundi. Medali hakuna tena. Lakini Paris 2024 kijiji cha wanamichezo kiliwekewa chumba cha watoto kwa mara ya kwanza, na aliyelisukuma hilo ni Allyson Felix, mkimbiaji ambaye naye ni mama.

Sasa kwa nini stori hii imenikaa.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi minne, umri ule ule, nilipopangiwa mafunzo mkoa mwingine, siku kumi. Karatasi iliandikwa malazi ni ya mshiriki tu. Nikasaini. Mtoto nikamwacha kwa mama yangu. Siku ya pili matiti yalikuwa mawe, blauzi imelowa, nimejifunika kanga darasani na joto lile. Nikawa naenda chooni nakamua kwenye sinki na kufungulia maji ili wenzangu wasisikie. Mafunzo yenyewe yalihusu afya ya mama na mtoto. Cheka tu, mimi pia sasa nacheka. Niliporudi nikamweka titini, akageuza uso akamtafuta bibi yake. Nesi mzima, ninayewafundisha ninyi, nilikaa kitandani nikalia. Ilinichukua zaidi ya wiki mbili kumrudisha, na hayakurudi kama mwanzo.

Mwaka uliofuata mwenzangu alipangiwa mafunzo hayo hayo, naye ana mtoto mchanga. Akatuma ujumbe mmoja wa simu kuuliza. Wakamjibu aje na msaidizi, chakula cha msaidizi alipe mwenyewe. Akaenda na mdogo wake. Ndiyo hivyo tu. Mimi sikuwahi kuuliza, na sijui kama ningekubaliwa, lakini sikuuliza.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia kwamba unarudi kazini Jumatatu na unaogopa kumsemesha bosi: sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi siku 84, mapacha siku 100, na ukirudi kazini unaruhusiwa muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Iko kwenye sheria, si hisani ya mtu. Andika barua fupi, baki na nakala.

Ukiwa mbali na mtoto, kamua kila baada ya saa tatu hivi, hata kama ni kidogo. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa nne nje kwenye kivuli, siku nne kwenye friji. Joto la Dar usilichezee, hesabu pungufu. Na ukiona titi lina sehemu nyekundu, ya moto, inauma, na homa juu, usiache kunyonyesha upande huo, na usikae nyumbani kusubiri. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kesho saa tatu usiku, namna ya kukamua kwa mkono bila mashine. Uwe na kikombe safi chenye mdomo mpana, maji ya moto na sabuni. Mwenye swali aandike hapa chini, nikipata nafasi kati ya zamu nitajibu.