Saa ya Samaki Asiye na Macho

Ukitoka Mwanza, Ziwa Viktoria linabaki kushoto kwako hadi Lamadi. Hapo unakata kulia, na kuanzia hapo ni mashamba ya pamba na makundi ya ng'ombe mpaka Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa 2012.

Mume wangu anafanya kazi huko, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Msimu wa pamba mashine hazilali. Nilimfuata kutoka Dar kwa wiki mbili, nikamkuta zamu ya usiku. Mimi nikiamka, yeye ndio anajitupa kitandani. Ndoa ya kupishana mlangoni, jamani!

Mchana nilitembea hadi mto wa msimu nje ya mji. Kiangazi kilikuwa kimeukausha, mchanga mtupu. Lakini akina mama walichimba, wakasubiri, na maji yakajaa shimoni taratibu.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia mmoja.

"Maji hayajaondoka, mwanangu," akaniambia. "Yameshuka tu."

Maji yaliyofichika yana maajabu yake. Huko Somalia, kwenye mapango yenye maji chini ya jangwa, anaishi samaki aitwaye Phreatichthys andruzzii, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1924. Hana macho wala magamba. Akiwa mchanga kabisa macho huanza kuumbika, kisha hupotea. Ukoo wake umekaa gizani kwa takriban miaka milioni mbili.

Sasa sikia hii. Mwaka 2011 watafiti wa Ulaya walitangaza kwamba mwanga haurekebishi saa ya mwili wake kama unavyorekebisha ya kwetu. Katika chembe zake, mzunguko mmoja unaweza kufika saa 47! Lakini ukimlisha wakati uleule kila siku, saa yake inajipanga. Anaanza kuchangamka hata kabla chakula hakijafika.

Basi nikamwambia mzee wangu: jua limetushinda, tujaribu sufuria. Kila siku saa kumi na mbili jioni, kabla hajaingia zamu, ugali wa mtama, mlenda na dagaa, simu zikiwa chumbani. Siku ya nne, kabla sijapakua, alikuwa ameshanawa mikono, amekaa, ananisubiri.

Kama kazi zenu zinawapisha, msingoje likizo. Chagueni saa moja ya kula pamoja, na muiheshimu. Mapenzi hayajaondoka. Yameshuka tu; chimbeni.