Uchachu Wenye Majina Mawili

Mwanafunzi mmoja wa tafsiri, aliyekabidhiwa makala ya kigeni kuhusu bia inayozidi kupendwa ughaibuni, alikwama kwenye anwani. Aliandika "bia iliyochacha", akaifuta. Nani angeinunua? Kwa Mswahili, kilichochacha ni mchuzi wa juzi uliosahauliwa sufuriani. "Bia kali" nayo ilipotosha, maana ukali wa pombe ni nguvu yake ya kulevya, si ladha. Hatimaye akaandika "bia chachu", na papo hapo akatanabahi kwamba neno hilo moja hutaja ladha, na hutaja pia kile kinachoumua. Yaelekea lugha ilikuwa imekwisha kuitambua siri ambayo makala ilitumia kurasa nzima kuieleza.

Siri yenyewe ni ya lambic, bia ya bonde la mto Senne, karibu na Brussels. Huko mpishi wa bia hatii hamira. Maji ya kimea cha shayiri na ngano, yakisha kuchemshwa, humiminwa katika sinia pana na kuachwa wazi usiku kucha, katika miezi ya baridi, vijidudu vya hewani vijitulie vyenyewe. Kisha hukaa katika mapipa ya mwaloni mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Changa na kongwe zikichanganywa, hupatikana gueuze. Karne ya ishirini nusura iufute uchachu huo: viwanda vingi vya lambic vilifungwa, na gose, bia ya chumvi ya Leipzig, ilikoma mwaka 1966 hadi ilipofufuliwa miaka ya 1980. Leo watu huvuka bahari kwenda Cantillon, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1900, kununua chupa ambayo babu zao wangeidhani imeharibika.

Alipofika hapo, mwanafunzi aliweka kalamu chini. Nyanyake, kule Kakamega, alikuwa mpishi wa busaa. Aliukanda unga wa mahindi kwa maji, akauacha uchache siku kadhaa, akaukaanga juu ya bati hadi ukawa wa kahawia na harufu yake ikatambaa hadi barabarani. Baadaye aliutia maji na kimea cha wimbi, akangoja povu, akachuja. Karo ya shule ilitoka katika mtungi huo. Hata hivyo, kijana aliwahi kuandika insha kuhusu madhara ya pombe haramu, akamchora humo kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi. Insha ilisomwa mbele ya darasa na kushangiliwa. Nyanyake hakuambiwa.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na methali hiyo haikuwasaza Wamarekani. Tangu miaka ya 2010 uchachu ulipozidi kuvuma kwao, wengi wameacha kungoja mapipa: hutia bakteria, jamaa ya wale wagandishao maziwa ya mala, katika sufuria kubwa, na kwa siku moja au mbili bia imechacha. Mashabiki wa lambic hulalamika kwamba huo ni mkato. Lakini kuutangulia uchachu kabla ya pombe yenyewe kuumuka ndiyo desturi ya busaa tangu hapo, na hakuna aliyeiita mkato. Walioitaja waliita uchafu.

Likizo ilipofika, mwanafunzi alimsomea nyanyake tafsiri ile, jikoni, polepole. Bibi kizee alisikiliza akipepeta wimbi. Habari ya sinia lililoachwa wazi haikumshangaza. Ila aliuliza kama wanalifunika panya wasiingie. Bei ya chupa moja ilimchekesha hadi akaweka ungo chini. Mjukuu akaona huenda huo ndio wasaa wa kuitaja insha ile ya zamani, akafungua kinywa, lakini nyanya alimtangulia.

"Na hao wenzetu, mjukuu wangu, askari huwajia usiku au mchana?"